Kadi Nyekundu Kitandani

Jumanne, 5 Machi

Wifi yangu,

Nakusalimu kwanza, na natumaini yale mafua niliyokuacha nayo yamekwisha. Habari za nyumbani, habari za kuku, habari za majirani wanaosikiliza ukutani? Mimi nina afya, mgongo tu unalalamika kwa kulala chini. Mgonjwa wetu bado ni mgonjwa.

Naandika kwa karatasi kwa sababu simu yangu iliibwa siku ya kwanza, nilipokwenda kumchotea mtoto maji. Mwizi alikuwa mstaarabu, aliniachia chaja. Barua hii nampa yule dereva wa lori la vitunguu, Polepole, maana hupita nje ya geti letu kila anapopeleka mzigo sokoni.

Chiriku yuko kitanda cha nne, wodi ya watoto walioungua. Maji ya moto yalimchukua paja lote la kulia na kipande cha tumbo. Daktari wa upasuaji anasema paja halitajifunga lenyewe. Itabidi achukue ngozi nyembamba kutoka paja la kushoto aibandike la kulia. Lakini leo alipopita na wanafunzi wake, aliinua pembe ya bandeji akakunja uso. Alisema nyama imepauka, haina nguvu ya kushika ngozi mpya, na mtoto amepungua uzito. Ngozi ikibandikwa juu ya nyama kama hiyo itadondoka, na paja la kushoto litakuwa limechunwa bure.

Akaniuliza, "Mama, huyu anakula nini?"

"Uji."

"Na nini?"

"Na chai."

"Yai je? Kila asubuhi jikoni wanatoa yai."

Nikamwambia yai na kidonda haviendi pamoja. Wanafunzi wakaangaliana. Yeye hakucheka. Alisema mtoto aliyeungua ana midomo miwili, mmoja usoni na mwingine ni kidonda chenyewe, na huo wa pili ndio unaokula kwanza. Usipoupa mayai, samaki, maharage na maziwa, mdomo huo unamla mtoto mwenyewe, kuanzia mikononi na mbavuni. Matunda na mboga ndivyo vinavyosaidia ngozi kushikana. Uji mtupu, alisema, ni kama kujenga ukuta kwa mchanga na maji bila saruji.

Sasa sikia. Siku unatufungia mzigo uliniambia: mayai mwiko, samaki mwiko, maharage mwiko, vitachimba kidonda. Nilikutii. Yai la Chiriku nimekuwa nikimpa mtoto wa kitanda cha tano aliyeungua mgongo. Yule mtoto kapona. Jana karuhusiwa, katoka anakimbia koridoni, na mama yake kaja kunishukuru kwa mayai.

Sikuandikii kukulaumu. Nakuandikia ulete mayai.

Wifi yako,
Mama Chiriku


Jumamosi, 9 Machi

Mama Chiriku, wifi yangu,

Salamu zako zimefika pamoja na miiba yake. Mafua yamekwisha. Kuku wazima, majirani wazima na masikio yao. Mgongo wako uusugue kwa kitambaa cha maji ya moto kila ukipata, usisubiri mpaka uinuke kwa kushika ukuta.

"Sikuandikii kukulaumu." Mtu akianza hivyo, ujue lawama iko mlangoni inavua viatu.

Maneno ya mayai sikuyatunga. Mama yetu alituambia hivyo, akaambiwa na mama yake, na sisi wote tuliumia magoti tukapona. Lakini magoti si paja. Na daktari akisema nyama imepauka, imepauka. Yeye ndiye anayeiona. Nimekaa na barua yako asubuhi nzima. Nimejiona nilivyo. Mtu aliyesababisha jambo hutafuta cha kukataza, ili naye aonekane anafanya kitu. Mimi nilikataza mayai.

Kibanda changu cha chakula sijakifungua tangu siku ile alipoungua. Mafundi wa karakana wanapita kuulizia maharage, nawaambia kuni zimelowa. "Jua lote hili, shangazi?" Nawaambia zimelowa ndani. Sufuria kubwa iliyommwagikia mtoto nimeifunika chini juu uani, na kuku wanalala juu yake. Kila mtu anataka kujua ilikuwaje. Niligeuka kuchukua chumvi. Basi, hadithi yote ni hiyo.

Kwenye kikapu kuna mayai ya kuchemsha, samaki wakavu niliowasaga wakawa unga, umnyunyizie kwenye uji asiuone, karanga za kusaga kwenye kopo la maziwa, na mapapai mawili. Mayai ni ya yule kuku wa madoadoa, anayeitwa na Chiriku Mwalimu Mkuu kwa sababu ya kutembea amefunga mikono nyuma. Polepole kaniapia hakuna litakalopasuka. Kwa mwendo wake, nahofia hata yaliyochemshwa yatatoa vifaranga.

Kaka yangu bado yuko kambi ya barabara, nimemwachia ujumbe kwa msimamizi wao. Mtandao kule unakuja kama mgeni wa heshima.

Nijibu kama anakula. Hilo tu.

Wifi yako,
Shangazi yake


Ijumaa, 15 Machi

Wifi,

Natumaini barua hii inakukuta umeketi. Kikapu kilifika, yai moja tu lilikuwa na ufa, na hilo nililila mimi. Ahsante. Mungu akuongezee kuku.

Umeuliza kama anakula. Hali. Na safari hii si mimi wala si wewe.

Ngoja nikueleze utaratibu wa hapa, maana neno hilo, utaratibu, nimelisikia kuliko jina langu. Bandeji ya Chiriku haibadilishwi kitandani, maumivu ni makali mno. Anapelekwa chumba cha upasuaji, analazwa kwa dawa ya usingizi, wanaosha, wanafunga. Mtu wa kulazwa kwa dawa asile, kwa sababu akitapika usingizini chakula kinaingia kwenye mapafu. Hilo nimeelewa, wala sibishi. Kwa hiyo jioni sista wa zamu anapita na orodha ya kesho. Kila mtoto aliyemo anafungiwa kadi nyekundu kwenye chuma cha kitanda: ASILE.

Kesho yake asubuhi meza ya chakula yenye magurudumu inaingia. Gurudumu moja linalia, watoto wanalijua kabla ya kuliona. Inasimama kwa wasio na kadi, wenye kadi inawapita. Tunasubiri. Chumba cha upasuaji kinaanza na watu wazima, kisha wanaletwa waliogongwa na magari, kisha waliovunjika kwenye majengo. Watoto wa wodi hii ndio mkia wa orodha. Mchana meza inapita tena, inaturuka tena. Alasiri anakuja mtu mlangoni na kusema, "Walioungua, leo haikuwezekana. Kesho." Nakwenda jikoni na sahani, dirisha limefungwa, vyombo vimeoshwa. Ninachobaki nacho ni uji wa jioni. Mtoto ana njaa iliyopitiliza, anakunywa vijiko viwili anasinzia. Halafu sista anakuja na orodha ya kesho.

Wiki hii amepewa kadi kila siku, na ameitwa mara moja. Mama wa kitanda cha dirishani, ambaye mwanawe ameungua mikono, anasema hajawahi kuona mchezo ambao mtu anapewa kadi nyekundu kabla ya kuingia uwanjani. Tulicheka. Kisha hatukucheka tena.

Unajua alivyo yule mtoto. Hata asiyemjua, akimsikia tu, angemwita Chiriku. Nyumbani alikuwa anauliza mpaka kwa nini kivuli hakina macho. Hapa amekuwa anaangalia dari. Jana meza ilipopita aliniuliza, "Mama, na leo sisi tunanusa tu?" Ndilo neno lake pekee la siku nzima.

Sasa subiri lililonikata. Leo daktari wa upasuaji kapita na wanafunzi wake, kamweka kwenye mizani, kageuka na sauti ya kusikika hadi mlangoni. "Mama, nilikueleza nikadhani umeelewa. Uzito umeshuka tena. Unamnyima mtoto chakula." Kadi ilikuwa inaning'inia pale karibu na kiwiko chake. Aliisogeza ili aandike.

Nilisema, "Daktari, kadi." Akasema, "Hiyo ni ya leo tu." Wakaenda kitanda cha tano.

Kikapu chako nimekificha kwa mlinzi wa geti, maana chakula cha nje kitandani nacho hakiruhusiwi, kinaleta sisimizi. Sisimizi wanaruhusiwa, chakula ndicho kimekatazwa.

Umesema uligeuka kuchukua chumvi. Mimi sikuuliza. Ningeuliza, ningetaka kujua jambo moja: kwa nini mtoto alikuwa upande wa moto na wewe upande wa meza. Lakini sikuuliza.

Wifi yako,
Mama Chiriku


Jumatatu, 18 Machi

Wifi,

Salamu. Huku wazima, mimi nina hasira tu, na hasira si ugonjwa.

Barua yako nimeisoma nimesimama, ingawa uliniomba nikae. Nimemsomea na Polepole, naye mtu wa kutukana polepole, leo katukana haraka. Mtoto anafungiwa kadi asile, halafu mama anaitwa mnyimaji? Huyo daktari haoni kadi iliyo chini ya kiwiko chake mwenyewe? Ana macho ya kuona nyama iliyopauka tu?

Na wewe, Mama Chiriku. Nakujua tangu ulipoolewa na kaka yangu. Ukiumwa jino unasema ni hali ya hewa. Siku ya mahari walisahau kukupa kiti ukasimama mpaka wageni wakaondoka. Hapo ulipo hakuna atakayekupa kiti. "Daktari, kadi." Ndiyo nini hiyo? Maneno mawili! Ningekuwa mimi, kadi ningemvalisha shingoni.

Sikia ninachokwambia. Kama hawamwiti, kadi ni karatasi. Mpe mtoto yai. Mfunike na kanga kama unambadilisha nguo, mpe yai, atafune, anywe maji, basi. Wakija alasiri kusema "haikuwezekana", wewe umeshamlisha. Wenye njaa wana utaratibu wao.

Nimetuma mayai zaidi na maharage niliyoyachemsha na kuyaponda. Nimeyapika kwenye kisufuria cha chai, kidogo kidogo. Ile sufuria kubwa bado sijaigusa.

Kuhusu upande wa moto, nimekusikia. Meza ilikuwa kule, chumvi ilikuwa mezani, na mtoto alikuwa ananisimulia habari za Mwalimu Mkuu. Nilimwambia, endelea, nakusikia. Nikampa mgongo.

Shangazi yake


Ijumaa, 22 Machi

Wifi,

Salamu ni za haki yako, kwa hiyo nakusalimu.

Nilifanya ulivyosema. Jumatano, kadi ikiwa kitandani, meza ya asubuhi imekwisha kuturuka, nilimfunika na kanga nikampa yai. Alikula nusu. Nilikuwa nafuta kiini mdomoni mwake magurudumu yakasikika koridoni, na hayakuwa ya meza. Yalikuwa ya toroli. Msukuma toroli akasoma karatasi: "Kitanda cha nne. Leo mtoto wa kwanza."

Siku zote zile, wifi, wakachagua hiyo.

Nilitembea kando ya toroli nimeshika mguu wake mzima. Koridoni kuna rangi ya kijani mpaka begani, juu nyeupe, na mlango wa chumba cha upasuaji una kioo cha duara. Nilikuwa nasema moyoni, nusu yai, nusu yai ni kitu gani. Ukisema, wanakurudisha, kidonda kinakaa siku nyingine na bandeji inayonuka, na utaonekana mwanamke asiyeambilika. Usiposema, huenda lisitokee lolote. Na huenda.

Mlangoni alisimama mtaalamu wa dawa ya usingizi, mwanamume mwembamba mwenye kofia ya kitambaa. Aliuliza kama anavyowauliza wote, "Amekula chochote tangu jana?"

Nikasema, "Hapana."

Akaandika. Toroli ikasukumwa. Mguu wa Chiriku ukateleza kutoka mkononi mwangu, na mlango ukaanza kurudi kujifunga. Nikauzuia kwa bega. Nikasema, "Simameni. Amekula yai. Nimempa mimi, sasa hivi."

Daktari wa upasuaji alikuwa ndani ameshavaa glavu. Alitoka. Sitakuandikia yote aliyosema. Alimalizia kwa kusema, "Ungemuua mtoto wako."

Nikamjibu. Sijui maneno yalikuwa wapi miaka yote. Nilimwambia, "Ndiyo, ningemuua leo kwa nusu yai. Ninyi mnamuua siku hadi siku, kwa kadi. Tofauti yetu ni kwamba mimi nimesimamisha toroli."

Yule wa usingizi akaniuliza bila kupandisha sauti, mtoto alikula mlo kamili lini mara ya mwisho. Nilijaribu kukumbuka. Wifi, sikukumbuka. Nilisimama pale nikihesabu nyuma, nyuma, mpaka nikafika kwenye kibanda chako, siku ile ile, sahani ya maharage aliyokula kabla ya maji.

Alitusindikiza hadi wodini yeye mwenyewe. Aliangalia kadi kitanda hadi kitanda. Alimwambia sista kwamba mtoto anakatazwa chakula kwa muda wa saa sita kabla ya dawa, si tangu jioni hadi jioni; kwamba maji anaruhusiwa mpaka karibu na kuitwa, hata yakiwa na sukari; na kwamba wadogo ndio wanaotakiwa kuanza, sio kumalizia. Sista alisema, "Utaratibu ni huu tangu nihamie hapa." Yule wa usingizi akaondoka, akasema atalizungumza. Jioni ile kadi zilifungwa kama kawaida.

Sasa la kwako. Ushauri wako ulikaribia kumzika. Najua uliutoa kwa uchungu. Lakini mimi ndiye niliyekuwa mlangoni, na nimekwisha kukutii mara mbili, kwa mayai ya kukataza na kwa mayai ya kuiba. Mayai endelea kuleta. Ushauri baki nao.

Mama Chiriku


Jumamosi, 6 Aprili

Wifi yangu,

U hali gani? Nauliza kwa kweli. Vikapu vimefika kila Polepole alipopita, mayai, karanga, unga wa samaki, mapapai, vyote vimefungwa vizuri, na barua hakuna. Namuuliza Polepole, anasema, "Mimi ni wa vitunguu, mama, ya wanawake siyajui." Nilisema usilete ushauri. Sikusema usilete salamu.

Basi nitasema mimi.

Yule wa usingizi alilizungumza, lakini huko kuzungumza kulikaa kwenye ofisi zao. Siku ya kwanza hakukuwa na badiliko, ya pili vilevile. Mtoto wa mama wa dirishani alipewa kadi, akakaa na njaa mpaka alasiri, akaambiwa kesho. Mama yake si mtu wa kelele. Alifungua kadi ile kwenye chuma, akaja nayo kwetu, akasema, "Hiki ndicho chakula alichopewa mwanangu leo." Mimi nikafungua ya Chiriku. Wengine wakafungua za kwao. Tulikubaliana bila mkutano.

Kesho yake meza ya chakula ilipoingia tuliisimamisha. Mpishi aliyekuwa anaisukuma alidhani tunataka kumpiga. Tulimwambia wewe kaa, huna kosa. Tukazipanga kadi juu ya meza, moja moja, kwenye sahani za bati za watoto walioandikiwa asile. Daktari wa upasuaji akaingia na wanafunzi wake. Mama wa dirishani akasema, "Daktari, karibu. Hiki ndicho kinacholiwa hapa. Umesema tunawanyima, basi tuonyeshe kinavyoliwa."

Wifi, nilimwona akitafuta pa kuangalia. Aligeukia sista, akamuuliza kadi hizi zote za nini. Na sista, ambaye nilikuwa nimemchukia kuliko mwizi wa simu, akamjibu mbele yetu sote: "Daktari, orodha inatoka kwenu. Jina mkiliandika nafunga kadi. Mnaandika kumi, mnaita wawili. Hakuna siku mmenipigia kuniambia nifungue." Akaanza kulia kwa hasira, akajifuta, akaendelea na sindano zake.

Hakuna aliyeomba radhi. Nakuandikia kama ilivyokuwa. Daktari aliiokota kadi ya Chiriku kwenye sahani, akaitia mfuko wa koti, akasema tuendelee na kitanda cha kwanza. Lakini tangu siku ile watoto wanaitwa kabla ya watu wazima. Kadi inaandikwa saa. Wasiofikiwa wanaambiwa mapema, si alasiri, na wakati wa kusubiri wanapewa maji ya sukari. Jambo lililoshindikana miaka yote limewezekana kwa siku moja. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba lilikuwa jepesi hivyo.

Chiriku alianza kula. Mwanzoni kama anayelipa faini, baadaye kama ninyi ndugu wa baba yake. Uzito ukasimama, ukageuka, ukapanda. Nyama ya paja ikawa nyekundu, daktari akasema sasa iko tayari. Walimbandika ngozi wiki iliyopita. Alipoamka kwenye dawa neno lake la kwanza lilikuwa, "Yai langu liko wapi?" La pili halijaisha mpaka leo.

Jana wamefungua bandeji. Nilisimama nimefumba macho, mpaka mama wa dirishani akanifinya. Imeshika. Paja zima, isipokuwa kona moja ya ukubwa wa kizibo cha soda, nayo wanasema itajifunga akiendelea kula. Akiendelea kula, wifi. Wamerudia mara ngapi sijui. Wiki nyingi bado, ngozi mpya ina njaa kama kichanga.

Na hapo ndipo penye tatizo lililobaki. Mtoto akitoka chumba cha upasuaji, meza ya chakula imeshapita na dirisha la jiko limefungwa. Tulikwenda kwa mkurugenzi, mimi na mama wa dirishani. Ana ofisi yenye zulia na bakuli la matunda ya plastiki. Alitusikiliza vizuri sana. Akasema jiko lina mzabuni wake, si idara yake, tuandike barua. Niliangalia yale matunda nikatoka.

Kwa hiyo nakuomba. Huu si ushauri, ni ombi. Nje ya geti, kando ya ukuta, kuna nafasi ambapo wanawake wanauza sabuni na ndala. Mlinzi anasema nafasi hiyo haina mwenyewe. Kina mama wa wodi wako tayari kwa kuni na kwa maji. Yai la kuchemsha linalosafiri na vitunguu ni jema, lakini mtoto anayetoka kwenye dawa anataka kitu cha moto, cha kulainika, kilichopikwa na mtu anayejua. Mimi namjua mtu mmoja tu anayepika maharage mpaka fundi wa karakana anaacha gari juu ya jeki.

Chiriku anauliza, "Shangazi bado amenuna?" Nimemwambia hujanuna. Akasema, "Basi mbona haongei?" Nikamwambia nitauliza. Anasema pia Mwalimu Mkuu asichinjwe.

Wifi yako,
Mama Chiriku


Jumanne, 9 Aprili

Wifi yangu, Mama Chiriku,

Salamu kwako, kwa mgonjwa, na kwa mama wa dirishani ambaye simjui lakini nampenda. Nisamehe kwa mwandiko, mikono ina masizi.

Sikununa. Barua niliandika, nyingi tu. Zote zilianza na neno "mimi", nikazitumia kuwashia moto.

Mwambie Chiriku Mwalimu Mkuu hachinjwi wala hauzwi. Ana kazi.

Nakuja keshokutwa na Polepole, nimekaa juu ya vitunguu kama malkia. Nina maharage ya kutosha, karanga, unga wa samaki, mafuta, na trei za mayai nitakazozipakata mwenyewe. Kuni nibakizieni kavu. Mlinzi mwambie mapema, nisifike akaanza kunisomea utaratibu. Na huyo mzabuni wa jiko, siku akitaka kuja kuonja, atapanga foleni nyuma ya watoto.

Sufuria ni ile ile. Nyingine sina. Kuku niliwafukuza, nimeisugua kwa mchanga mpaka chini. Nitaiweka upande wa ukuta, watoto watakaa upande wa geti, mimi nitakuwa katikati. Chumvi nitaifunga kiunoni.

Shangazi yake